Mpera Hauna Makosa, Shida ni Anayekuuzia Poda ya Fizi



Leo tuongee kuhusu fizi. Najua si mada tamu, lakini nimechoka na ile video. Unaijua. Mtu anachuma majani ya mpera, anayatwanga, anaongeza chumvi na ndimu, halafu anaapa kwamba fizi zinazotoka damu zitapona kwa siku tatu. Chini ya video kuna namba ya kuagiza poda. Na siku hizi wameongeza maneno mengine: ati sayansi imethibitisha, ati hata watafiti wa ng'ambo wamekubali. Hapo ndipo nikaona nikae chini niandike, kwa sababu utafiti wanaoutaja upo kweli, ila unasema kitu tofauti na kile kinachouzwa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mpera wetu unaweza kuwa na dawa ya fizi ndani yake. Dawa hiyo bado haijatoka kwenye jani ikafika kwa mgonjwa. Mtu anayekuuzia jani leo kana kwamba ni dawa tayari anakula pesa yako, na pia anakula muda wako. Pesa utatafuta nyingine. Jino likishalegea, muda haurudi.

Utafiti wenyewe unasema nini

Mwaka 2025 watafiti wa UNESP, chuo kikuu cha jimbo la São Paulo huko Brazil, walitoa matokeo yao kuhusu kitu kinachoitwa morini. Morini iko kwenye kundi la kemikali za mimea linaloitwa flavonoidi. Inapatikana kwenye majani ya mpera, ganda la tufaha na matunda ya mtini. Waliijaribu kwenye maabara dhidi ya utando wa bakteria wanaoleta ugonjwa wa fizi, wakaona inafanya kazi. Hiyo ni habari njema, na sina haja ya kuipunguza.

Sasa sikiliza ile sehemu ambayo video huruka. Morini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukichemsha sufuria nzima ya majani ya mpera, ukasukutua, kiasi cha morini kinachofika kwenye fizi zako ni kidogo, na hicho kidogo mate yanakisomba haraka. Watafiti hao walilijua hilo. Ndiyo maana hawakutwanga majani. Walichukua morini iliyosafishwa, wakaitengeneza kuwa unga laini sana, ikiwa imefungwa ndani ya vitu kama alginati, ambayo hutolewa kwenye mwani wa baharini. Kazi ya hicho kifuniko ni kuishika dawa mdomoni na kuiachilia polepole.

Na hayo yote yalikuwa maabara. Bakteria walikuzwa, dawa ikawekwa, matokeo yakapimwa. Hakuna mgonjwa aliyekalia kiti akatibiwa. Kutoka hapo kuna safari: ni kiasi gani hakidhuru, kinakaa mdomoni kwa muda gani, kwa watu halisi kinasaidia kuliko mswaki peke yake au la. Kwa hivyo mtu akikuambia "sayansi imethibitisha poda yangu", muulize poda yake ilipimwa wapi. Ile ya Brazil si yake.

Kwa nini basi watafiti wanahangaika, kama tayari kuna dawa ya kusukutua? Kwa sababu ile inayotegemewa zaidi, klorheksidini, ina kero zake. Ukiitumia kwa muda mrefu inaacha madoa ya kahawia kwenye meno na inaharibu ladha ya chakula. Madaktari huiandika kwa muda mfupi tu. Kwa hivyo dawa ya mmea inayofanya kazi karibu na hiyo bila kero hizo itakuwa kitu kikubwa. Naiombea ifike. Lakini kuombea ni tofauti na kuuza.

Sisi tuna hadithi ya zamani kuliko hiyo

Ukienda sokoni Kitale utapata watu wanauza vijiti vya mswaki, vile vinavyokatwa kwenye mti unaomea sehemu kavu kama Turkana. Waturuka... hapana, tuseme vizuri: Waturkana wanauita esekon. Waislamu kote duniani wanaujua kama miswak, na Kiswahili chetu kimechukua jina hilo hilo likawa la brashi ya plastiki pia. Fikiria hiyo. Kila asubuhi unapopiga mswaki unataja mti.

Mti huo nao umechunguzwa. Mwaka 2011 watafiti wa Karolinska kule Uswidi walichapisha kazi kuhusu mizizi yake. Waliyoyakuta ni kwamba ndani yake kuna kemikali inayoitwa benzili isothiosianeti, na kwamba inaua kwa nguvu aina fulani za bakteria, wakiwemo wale wanaohusishwa na ugonjwa mkali wa fizi. Kemikali hiyo inatoka hata ikiwa hewani, kama vile haradali inavyopanda puani. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu miaka ya 1980, limesema watu waliozoea vijiti hivi waendelee kuvitumia.

Kwa hivyo mimi si yule msee wa kucheka dawa za shosho. Waliokuwa wakitafuna mti asubuhi walikuwa wanajua kitu. Lakini angalia walichokuwa wanafanya: walikuwa wanasugua. Kijiti kinatafunwa mpaka nyuzi zake zinafunguka, kisha mtu anakaa nacho nusu saa akisugua jino baada ya jino huku akiongea na jirani. Kemikali ilisaidia, lakini mkono ulifanya kazi. Poda ya mtandaoni imechukua ile kemikali ikaacha mkono, na mkono ndio ulikuwa nusu kubwa ya dawa.

Ugonjwa wenyewe ukoje

Wacha nieleze kwa njia ya kawaida, maana mtu akielewa hii hawezi kudanganywa tena.

Kila siku bakteria wanajenga utando laini kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Huo ndio ukoga. Ukisugua, unatoka. Usiposugua, ufizi unaanza kupigana nao: unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu ukigusa. Hatua hii inarudi nyuma kabisa. Mwaka 1965 watafiti huko Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi safi waache kusafisha meno. Wote fizi zikavimba ndani ya wiki mbili tatu hivi. Wakarudi kusafisha, na fizi zikapona kwa muda wa wiki moja hivi. Hakukuwa na dawa, jani wala poda. Walisafisha tu.

Ukiacha zaidi, ukoga unashika madini ya mate na kuwa mgumu kama jiwe. Hapo brashi haiwezi, kijiti hakiwezi, majani hayawezi. Lazima mtu akae na chombo aukwangue. Na ukiendelea kukaa, uvimbe unashuka chini ya ufizi, unakula nyuzi na mfupa unaoshika jino. Mfupa huo ukienda, kwa kawaida haurudi. Jino zuri kabisa, lisilo na hata tundu moja, linaanza kucheza kama mlango uliolegea bawaba.

Kenya tunalijua hili kwa vipimo vyetu wenyewe. Miaka ya 1980, huko Machakos, watafiti walikagua watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga na fizi zenye damu ilikuwa karibu kila mdomo. Lakini uharibifu mkubwa, ule wa kupoteza mfupa na meno, ulikuwa umejaa kwa kikundi kidogo cha watu. Halafu ule uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ukakuta tena kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 fizi zao zinatoka damu.

Soma hizo mbili kwa pamoja. Karibu sisi wote tunatoka damu, lakini wachache ndio watapoteza meno mapema. Wewe ukiwa umesimama mbele ya kioo pale Kanduyi, utajuaje uko kundi gani? Huwezi kujua kwa macho. Lazima mtu apime na kifaa chembamba kati ya jino na ufizi, aone mfuko umeshuka kiasi gani. Kipimo hicho hakichukui muda mrefu.

Poda inaficha

Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Majani ya mpera yana ukakasi. Yatafune uone, ulimi unajikunja. Ukakasi huo unatoka kwa tanini, na tanini zinabana nyama. Kwa hivyo mtu anayesukutua maji ya mpera anaweza kweli kuhisi fizi zimekaza, na damu ikapungua. Ndiyo maana zile shuhuda za mtandaoni si zote za uongo. Watu wanahisi kitu. Lakini ukoga mgumu chini ya ufizi bado uko palepale, na kazi yake inaendelea kimya. Ile damu ilikuwa kengele. Umenyamazisha kengele, moto unaendelea.

Nina senge yangu, dada ya baba, upande wa Webuye. Alitoka damu kwa muda, akanunua poda ya mia tano kwa mtu wa mtandaoni, damu ikapungua, akanunua tena. Alikaa hivyo karibu miaka miwili. Alipoenda hospitali alikwenda kwa sababu hawezi tena kutafuna mahindi ya kuchoma, na meno manne ya mbele chini yakang'olewa. Halafu wakampima sukari, ikapatikana iko juu. Kisukari na ugonjwa wa fizi husukumana: sukari ikipanda fizi zinaharibika haraka, na fizi zikiwa na maambukizi sukari inakuwa ngumu kushika. Ile damu ingemfikisha kwenye kipimo cha sukari mapema. Poda ilimchelewesha kwa yote mawili.

Huwezi kumwambia senge kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa na tatizo, akapewa jibu la bei rahisi na mtu anayeongea lugha yake vizuri. Aliyekosea ni aliyeuza.

"Lakini daktari wa meno ni ghali"

Najua mtaniambia hivyo, na mko sawa. Mtu akitoka Chwele mpaka Bungoma mjini, alipe nauli, apange foleni, halafu aambiwe gharama ya kukwanguliwa meno yote, anafikiria mara mbili. Ndiyo sababu wengi wetu tunaenda kwa daktari wa meno siku moja tu, siku ya kung'oa. Jani liko nyuma ya nyumba na ni bure.

Sawa, basi tuongee kuhusu vya bure na vya bei nafuu, lakini vile vinavyofanya kazi.

Sugua meno mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo usikose. Lenga pale jino linapoingia kwenye ufizi, na usisahau upande wa ndani, ule unaoguswa na ulimi. Fizi ikitoka damu usiogope kuigusa. Wengi wanaacha kusugua mahali panapotoka damu, na hapo ndipo panapohitaji zaidi. Sugua polepole, usikwaruze.

Ukipenda kijiti cha mswaki, endelea nacho. Kata ncha ya zamani mara kwa mara, tumia nyuzi mpya, na fika nyuma na ndani, maana kijiti kinapenda kubaki meno ya mbele tu. Kijiti hakina floraidi kama dawa ya meno ya dukani, kwa hivyo kwa watoto hasa usiache hiyo dawa.

Ukipenda mpera, tafuna mpera. Sukutua. Sioni ubaya. Lakini uwe juu ya kusugua, usiwe badala yake. Hata huko India, walipojaribu maji ya kusukutua yenye mpera kwa watu wenye fizi zilizovimba, walianza kwa kuwasafisha wote meno kliniki, ndipo wakawapa cha kusukutua. Yaani hata wanaoamini mpera kiasi cha kuufanyia jaribio la kweli, hawakuuweka juu ya ukoga mgumu wakategemea muujiza.

Kisha jiwekee siku. Umesugua vizuri wiki mbili na bado damu inatoka? Enda ukapimwe. Jino linacheza, kuna usaha, mdomo unanuka hata baada ya kusafisha, ufizi umeshuka meno yakaonekana marefu? Usingoje hata hizo wiki mbili. Una kisukari, una mimba, unavuta sigara? Enda mapema zaidi. Na mvutaji ajue kwamba sigara inapunguza damu kwenye fizi, kwa hivyo anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa bila kuona hata tone.

Kwa wenzangu wenye kamera

Sisi tunaotengeneza video tuna nguvu ambayo hata mhudumu wa afya hana. Mama wa Kimilili ataniamini mimi kabla hajaamini bango la hospitali, kwa sababu naongea kama yeye. Basi hiyo nguvu tuitumie kwa adabu. Ukipata habari ya utafiti, sema ulifanywa kwenye nini: kwenye chupa, kwenye panya au kwenye watu. Hayo ni maneno matatu tu, hayaharibu video. Na kama unauza kitu unachokiita dawa, Kenya tuna Bodi ya Famasia na Sumu ambayo husajili hata dawa za mitishamba. Wewe unayenunua, uliza namba ya usajili. Muuzaji akianza kukutukana, umepata jibu lako.

Kwa serikali zetu mbili za kaunti, Trans Nzoia na Bungoma: kukwangua meno kusiwe kitu cha hospitali kubwa ya mjini peke yake. Kazi hiyo haihitaji chumba cha upasuaji. Mtaalamu mmoja wa kinywa anayezunguka kwenye vituo vya afya kwa ratiba inayojulikana, akiwa kwenye kliniki ya kisukari na kliniki ya wajawazito siku zao, ataokoa meno mengi kuliko viti vipya kumi vya kung'olea.

Na kwa vyuo vyetu. Moi iko Eldoret, jirani kabisa, na ina shule ya udaktari wa meno. KEMRI ina kituo cha utafiti wa dawa za kienyeji. Mpera uko kwenye kila boma hapa, esekon iko mwendo wa barabara moja tu kutoka Kitale kwenda Lodwar, na wazee wanaojua mti upi ni wa jino bado wako hai. Tangu 2016 tuna hata sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ili mzee akitoa ujuzi wake asiachwe mikono mitupu. Sasa kwa nini habari ya jani la mpera itufikie kutoka Brazil? Jaribio la kwanza la watu wenye fizi za kweli, wenye ukoga wa kweli, lingeweza kufanyiwa hapa, na matokeo yasomwe hapa kwa Kiswahili, yawe mazuri au mabaya. Hayo ndiyo mambo ya kudai, na hayo ndiyo ningependa kuona kwenye video.

Mpaka siku hiyo ifike, mpera ni mti mzuri, una matunda matamu, na majani yake yana kitu ambacho watu wenye akili wanakifuatilia. Usiufanye ubebe mzigo wa mfanyabiashara.

Leo usiku ukipiga mswaki, tema, halafu angalia sinki. Ukiona wekundu, anza kuhesabu siku kumi na nne.